Simu ya Bibi Iko kwa Nani

Nachingwea miradi inaijua. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, ulifutwa mwaka 1951, na reli iliyojengwa kuzisafirisha ikafungwa miaka ya 1960. Aliyezaliwa karanga zikishindwa leo ni bibi wa miaka 70 na ushei, na pale Mnero, wilayani humo, miradi ya siku hizi inamlenga yeye.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa mwaka 2012, umekuwa ukitoa ruzuku, na mpokeaji mara nyingi ni mwanamke. Kwenye makaratasi kila kitu kimekaa sawa.

Sasa mchukue bibi asiyejua kusoma. Pesa inaingia kwenye kitochi, na kitochi anashika mjukuu. Namba ya siri pia anayo yeye. Mjukuu anakwenda kwa wakala, anarudi jioni na pesa pungufu. Makato, bibi. Bibi anazifunga kwenye pindo la kanga, kimya. Hesabu anaijua, kapima mbaazi na korosho maisha yake yote.

Halafu inaitishwa mikutano ya kijiji, wazee wanaulizwa mbele ya watu kama kuna anayenyanyaswa. Nani atanyoosha mkono? Huyo mjukuu ndiye anayemchotea maji, na usiku akizidiwa ndiye wa kumkimbiza hospitali. Akilala rumande, maji atachota nani? Bibi hataki mtu afungwe. Anataka pesa yake ifike nzima, na kijana abaki nyumbani. Fomu ya malalamiko haina mahali pa kuandika hilo, na mimi naona kasoro iko kwenye fomu, wala si kwa bibi.

Wamwera wa huku ukoo wao hufuata mama, kwa hiyo kijana akikosea, kesi hupelekwa kwa mjomba wake. Ni njia ya staha, haimwaniki mtu. Ila kama mjukuu ni wa binti yake, mjomba huyo ni mtoto wa kuzaa wa bibi, na huenda ndiye aliyeuza korosho za mama yake kwa walanguzi wa kangomba zikiwa bado mtini.

Labda aulizwe peke yake, kwa sauti ya chini, siku ya kliniki, kwenye dirisha la wazee. Swali moja tu: simu yako iko kwa nani? Lakini hata siku hiyo mjukuu ndiye aliyemleta. Yuko nje juu ya bodaboda, injini hajaizima.