Saa za Unguja na Saa za Maskati

Unguja iko nyuzi 6 kusini ya Ikweta, na Maskati nyuzi 23 u nusu kaskazini. Kwa karne nyingi majahazi yamesafiri baina ya pande hizi mbili kwa pepo za kaskazi na kusi, yakichukua watu, bidhaa na maneno. Neno saa lenyewe asili yake ni Kiarabu. Lakini akrabu ikionyesha 8 asubuhi, Mwarabu wa Maskati husema saa ya nane, na Mswahili wa Unguja husema saa mbili. Yafaa kueleza sababu ya tofauti hiyo.

Zamani katika nchi nyingi za Waislamu saa zilihesabiwa tangu machweo. Jua likitua ilikuwa saa 12, na saa iliyofuata ilikuwa saa 1 ya usiku. Siku nayo ilianza jioni. Ndiyo maana mtu wa pwani asemapo "usiku wa Ijumaa" huweza kukusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, na mwenye kuchelea kutofahamika husema "usiku wa kuamkia Ijumaa".

Hesabu hiyo ilikuwa na taabu yake huko Maskati. Kwa saa za leo, jua la Maskati hutua kiasi cha saa 11 na dakika 25 jioni mwezi wa Desemba, na kiasi cha saa 1 kasoro dakika 5 mwezi wa Juni. Mchana mrefu kabisa hupita ule mfupi kabisa kwa karibu saa 3. Basi mwenye saa ya kufuata machweo hakuwa na budi kuirekebisha kila mara. Unguja tofauti hiyo haifiki hata saa moja, na mwaka mzima jua hutua baina ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10. Mahali kama hapo saa 12 yaweza kukazwa pale pale bila ya kumpotosha mtu. Hesabu ya kuanzia usiku wa manane ilipoenea, Kiarabu cha Maskati kiliifuata. Kiswahili kiliendelea na hesabu yake, iliyoachana na ile nyingine kwa saa 6 kamili.

Juu ya hayo pana tofauti ya majira ya dunia. Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45, na Omani ya nyuzi 60. Hivyo Maskati hutangulia kwa saa moja.

Jambo hili si la elimu tupu. Baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi tangu 1970, jamaa nyingi zenye asili ya Unguja zilikaa Omani, na Kiswahili kingali kikisemwa majumbani mwao. Ndugu wawili wakiagana kuzungumza kwa simu, wakati mmoja waweza kuitwa saa 2 au 8 kwa Unguja, na saa 3 au 9 kwa Maskati. Majina yote manne ni sahihi. Kosa la saa moja huleta kungojana tu. Kosa la saa sita humkosesha mtu safari.

Mfasiri ana hatari kubwa zaidi. Akiandika "saa nane asubuhi", msomaji hushtuka mara moja, kwani saa nane ni ya mchana au ya usiku, wala si ya asubuhi. Lakini akigeuza saa ya nane ya usiku ya Kiarabu kuwa "saa nane usiku", amesema Kiswahili safi kabisa, wala hapana neno la kumwonya msomaji. Naye aliyeitwa saa mbili usiku atafika watu wamekwisha lala. Kwa hiyo yapasa kamusi zieleze saa kwa nambari pamoja na kipindi chake, kwa kuwa kinachofasiriwa ni wakati, wala si nambari.