JINA LA BIASHARA NI MALI

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Hatubishani nao, lakini twauliza: kizuri kisicho na jina chajiuza kwa faida ya nani?

Igwachanya ni makao makuu ya Wilaya ya Wanging'ombe, iliyoundwa mwaka 2012. Mkamuaji mdogo wa alizeti atiaye mafuta yake katika chupa kuukuu za maji, zisizo na lebo, ajidhulumu mwenyewe. Mafuta huenda ni safi, lakini mnunuzi atokaye Makambako atajuaje? Ataomba apunguziwe bei, kisha akayauze mbele kwa jina lake. Jasho ni la Igwachanya, sifa ni ya mwingine.

Yafaa basi kujenga jina. Kwanza, lisajiliwe BRELA, wakala ulioanza kazi mwaka 1999, ili mwingine asilisajili. Pili, bidhaa ipimwe na kupata alama ya ubora ya TBS, shirika lililoundwa mwaka 1975. Asiyejua njia na aulize SIDO, iliyoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Tatu, chupa iwe mpya, na lebo itaje mtengenezaji, ujazo na mahali yalipokamuliwa.

Hata hivyo, ndugu zetu, bango zuri halifuniki kipimo cha uongo. Mteja akipunjwa mara moja, jina lile lile lililoandikwa kwa herufi kubwa ndilo litakalomkumbusha asirudi. Tuyaandike majina yetu, kisha tuyatumikie.