Je, Wajua? Breki za Baiskeli

Musoma, Bunda hadi Butiama, baiskeli hubeba dagaa, maji, mkaa na wanafunzi. Breki zake unaweza kuzitunza mwenyewe nyumbani. Je, wajua kwamba…

• Msafara wa Twende Butiama huwaleta waendesha baiskeli kutoka Dar es Salaam kumkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki Oktoba 14, 1999? Iwe safari hiyo au ya gulioni, breki hukaguliwa kwanza.

• Mwendo ukiongezeka mara 2, kazi ya breki huongezeka mara 4? Ukiwa na gunia kwenye keria, anza kubana juu ya mteremko, mapema.

• Breki za vyuma za baiskeli kubwa za kizamani hubana rimu kwa ndani, upande wa spoku? Hazina waya wa kukatika, lakini nati zake hulegea. Zikaze kila wiki.

• Waya wa breki unaopita ndani ya ganda ulipewa hataza Uingereza mwaka 1896? Hadi leo huanza kuchakaa pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Ukiona hata uzi mmoja umekatika, badilisha waya mzima.

• Rimu ya chuma ikilowa, breki hupoteza nguvu nyingi? Wakati wa masika, bana kidogokidogo kwanza ili raba zifute maji, kisha ubane kwa nguvu.

• Tone moja la mafuta ya mnyororo kwenye rimu linatosha kuua breki? Osha rimu kwa sabuni na maji, ikaushe kwa kitambaa safi.

• Raba inayong’aa haishiki? Ifungue, ondoa vipande vya chuma vilivyonasa, ikwangue kwa msasa. Mifereji yake ikiisha, nunua mpya. Wakati wa kuifunga, iguse rimu tu: ikigusa tairi, italikata.

• Breki ikipiga kelele, mara nyingi raba imekaa vibaya? Iweke ncha ya mbele itangulie kugusa rimu kidogo.

• Kukanyaga tairi kwa kandambili si breki? Mguu unaweza kunaswa kwenye spoku.

• Kipimo hakihitaji hata spana? Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linapaswa kuinuka. Bana ya nyuma: tairi liburuzike bila kuzunguka. Mojawapo ikishindwa, usipande; ikokote hadi kwa fundi.