Kuanzisha Kiwanda cha Uhunzi Nyumbani kwa Gharama Ndogo: Zana na Istilahi Zake

Kitenzi fua kina kazi nyingi katika Kiswahili. Nguo hufuliwa, nazi hufuliwa, na chuma pia hufuliwa. Maana mbili za kwanza huwa bayana kwa mwanafunzi yeyote kwa kuwa amekwisha kuona zikitendwa. Maana ya tatu aghalabu huifahamu kupitia kamusi tu, na maneno yanayoambatana nayo, yaani fuawe, mvukuto, koleo na matiko, huyakariri bila kuyatia akilini. Makala hii inanuia kueleza jinsi kiwanda kidogo cha mhunzi kinavyoweza kuanzishwa nyuma ya nyumba kwa fedha haba, na kila zana itatajwa kwa jina lake. Ni vyema kutanguliza kwamba zana mbili tu ndizo zinazostahiki kununuliwa zikiwa nzuri, nazo ni nyundo na tupa. Zilizosalia hupatikana katika udongo, ngozi na vyuma chakavu.

Huu si uvumbuzi mpya. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kuwa chuma kilikuwa bidhaa muhimu ya Malindi. Katika bara, Wamaasai walikuwa na Ilkunono na Wagikuyu walikuwa na aturi, wahunzi walioogopwa na kuhitajiwa kwa wakati mmoja. Wengi wa mafundi wa kale walifulia juu ya jiwe. Hata leo, mafundi wa Kamukunji jijini Nairobi hutumia vipande vya vyuma vilivyokataliwa na kazi nyingine.

Meko ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Shimo la kina cha shubiri moja hutosha, likikandikwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu na kuachwa likauke polepole kwa siku kadhaa. Udongo ukikaushwa kwa pupa hupasuka. Asiyependa kuinama anaweza kutumia dramu ya breki ya lori kuukuu na kuiweka juu ya matofali. Bomba la chuma hupitishwa ubavuni, mdomo wake ukitokeza karibu na sakafu ya meko ili hewa iingie chini ya makaa. Bomba lisiwe la mabati kwa sababu itakayoelezwa hapo baadaye.

Moto wa mkaa usiopulizwa huchoma nyama vizuri, lakini haulainishi chuma. Hewa ndiyo inayoleta tofauti, na hapa ndipo wanaoanza hukosea kwa kujishughulisha na ukubwa wa meko badala ya pumzi yake. Mvukuto wa kiasili una mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi. Kila mfuko una mdomo mpana juu, uliofungwa vijiti viwili vinavyofunguka na kufumba kama midomo ya mtu. Mhunzi au msaidizi wake hufungua mdomo akiinua mfuko ili ujae hewa, kisha huufumba na kuusukuma chini. Mkono wa kulia ukishuka, wa kushoto unapanda, na kwa njia hiyo pumzi haikatiki. Mfuko mmoja peke yake hupuliza kwa vishindo, na moto hulala kila unapojazwa tena. Jambo jingine ambalo mafundi wa kale walilijua ni kwamba bomba la mfuko halikazwi ndani ya bomba la meko. Huachwa mwanya mdogo kati yake, la sivyo mfuko unapoinuliwa huvuta hewa ya moto na cheche kutoka mekoni, na ngozi huungua. Asiye na ngozi anaweza kushona turubai nzito. Feni ndogo inayozungushwa kwa mkono kupitia gurudumu la baiskeli nayo hufaa, ingawa haina mahadhi ya vukuta nikuvukute yanayosikika katika mifuko miwili.

Mkaa upondwe hadi vipande viwe na ukubwa wa yai la kuku au chini ya hapo. Vipande vikubwa huacha mianya ambamo hewa hupita bure na kukiunguza chuma. Maji kidogo yanyunyizwe pembeni mwa moto ili mkaa usiokuwa na kazi usiteketee. Kwa mwenye kuhesabu senti, gunia hudumu zaidi kwa hila hii kuliko kwa nyingine yoyote. Katika Pwani, mkaa wa vifuu vya nazi ni mbadala mzuri.

Fuawe ndilo jambo linalowakatisha wengi tamaa, kwani la dukani ni ghali mno. Hata hivyo, kazi ya fuawe ni kuwa kizito na kutotikisika, basi. Kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, kikichimbiwa katika gogo gumu, hutosha kwa visu, majembe madogo na ndoano. Kipande cha ekseli ya lori kikisimamishwa wima ni bora zaidi. Wengi hutamani kipande cha reli, na kwa hakika ni kizuri, ila hapana budi kuwa waangalifu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inamtaka mfanyabiashara wa vyuma hivyo awe na leseni, na Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa kutokana na uharibifu wa miundombinu. Reli isiyo na stakabadhi inaweza kumfikisha mnunuzi mahakamani. Uso wa fuawe uwe sawa na vifundo vya ngumi mhunzi anapousimamia mikono ikiwa imening'inia. Ukiwa chini ya hapo, mgongo ndio unaolipa.

Nyundo ya kilo moja yatosha kuanzia. Koleo si lazima linunuliwe, kwani linaweza kuwa kazi ya tatu au ya nne ya mhunzi mwenyewe. Kazi za awali zifanywe kwa ufito mrefu wa nondo, ambao mwisho wake mmoja unashikika kwa mkono huku mwingine ukiwa motoni.

Joto hupimwa kwa jicho. Wekundu uliofifia haufai kupigwa nyundo; rangi ya chungwa na ya manjano ndiyo wakati wa kufua; weupe unaorusha vimulimuli ni dalili kuwa chuma kinaungua na hakitarudi. Rangi hizi hazionekani vyema juani. Ni ajabu basi kwamba mafundi wetu wameitwa jua kali, ilhali mhunzi ndiye mwenye haja kubwa ya kivuli. Paa la makuti kuukuu au bati moja, lililoinuliwa mbali na cheche, huondoa tatizo hilo.

Mabati na kitu chochote kilichopakwa zinki kisiingizwe motoni kamwe. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za selsiasi, joto ambalo meko hulifikia bila taabu, na moshi wake huleta homa na kubana kifua. Nguo ziwe za pamba, kwani za nailoni huyeyukia mwilini. Macho yavishwe miwani.

Nondo ya kawaida haifai kwa kisu kwa sababu ina kaboni kidogo. Bamba la springi la lori lina takriban asilimia 0.6 ya kaboni, nalo hukubali kutiwa matiko, yaani kupashwa moto na kuzamishwa ghafla ili liwe gumu. Kujua wakati wa kulizamisha hakuhitaji kipimajoto. Sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu yatosha: chuma huacha kushikwa na sumaku kwenye nyuzi zipatazo 770, na kikipita hapo kidogo tu, kiko tayari. Kizamishwe katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto kidogo, si maji, kwa sababu maji hulipasua bamba la namna hii. Mfuniko wa chuma uwe karibu, maana mafuta huweza kushika moto. Kisha tupa ipitishwe kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, matiko yameshika, na kisu kirudishwe kwenye joto la chini hadi uso uliosuguliwa ugeuke rangi ya majani makavu, ili kisivunjike kama chupa. Tupa iking'ata, chuma hakijashika matiko, na kazi hurudi mekoni.