Elektroni Watoro Katika Mtambo wa Cadarache

Huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, unajengwa mtambo uitwao ITER, wenye shabaha ya kupata nishati kwa njia ya jua, yaani kuunganisha viini vya atomu za haidrojeni. Ndani ya chombo chenye umbo la mpira wa gurudumu, gesi itapashwa moto hadi nyuzi milioni 150, ikizuiwa na sumaku isiguse kuta, na mkondo wa umeme wa ampia milioni 15 utapita ndani yake.

Mtambo huu hauwezi kulipuka kama bomu, ingawa wengi hudhani hivyo. Hatari yake ni gesi kupoa ghafla. Gesi iliyopoa hupitisha umeme kwa shida, na hapo huzuka msukumo mkali wa umeme. Elektroni ya kawaida hugongana na nyingine ikapunguzwa mwendo. Lakini iliyokwisha kupata kasi kubwa huzuiwa kidogo zaidi kadiri inavyokwenda mbio, hata ikakaribia mwendo wa nuru. Wanasayansi huziita kwa jina lenye maana ya watoro, neno ambalo askari hahitaji kufafanuliwa. Mtoro akiigonga elektroni nyingine, nayo hutoroka. Mwaka 1997 Rosenbluth na Putvinski walionyesha kwa hesabu jinsi watoro wanavyozaana katika mtambo mkubwa. Kundi lao likipiga mahali pamoja, huyeyusha ukuta.

Ili kuziokoa kuta na joto, mafundi huingiza gesi nzito, kama agoni au neoni, ambayo hulitawanya joto kwa mwanga. Hapo ndipo penye utata. Atomu nzito huwapunguza watoro mwendo, ni kweli. Lakini pia huipoza gesi upesi, zikauzidisha msukumo ule, na elektroni zilizofungwa ndani ya atomu hizo huwa makuruta wa utoro.

Mtambo wa JET wa Culham, Uingereza, uliofanya kazi toka 1983 hadi 2023, ulionyesha njia. Vipande vya barafu ya deuteri, aina ya haidrojeni, viliporushwa ndani ya kundi la watoro, agoni iliondoka, na watoro wakatawanyika juu ya sehemu pana ya ukuta bila kuuchoma. Hata hivyo, mkondo wa JET haukufikia nusu ya ule wa ITER, na kila mkondo unapoongezeka watoro huongezeka maradufu kwa maradufu. Kwa hiyo ITER inaandaliwa mitambo ya kurusha barafu ya haidrojeni na neoni, ili utoro uzuiwe kabla haujaanza.