Nani Anakaa Meza Kuu?

Wanachuo wenzangu, kila sherehe hapa chuoni ina meza kuu. Ina kitambaa kizuri, maua ya plastiki na maji ya chupa, na hata hujapewa ratiba unajua mgeni rasmi atakaa wapi. Sikuwahi kujiuliza lolote kuhusu meza hiyo hadi nilipokuwa naandaa somo la ukabaila wa Ulaya kwa ajili ya mazoezi ya kufundisha. Ndipo nikakutana na picha za nyumba iitwayo Penshurst Place.

Nyumba hii ipo Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Ukumbi wake mkubwa ulijengwa mwaka 1341 na John de Pulteney, mfanyabiashara tajiri aliyekuwa meya wa London mara nne. Ukumbi bado umesimama. Paa lake la mbao lina kimo cha futi 60, yaani kama mita 18. Katikati ya sakafu pana mahali pa kuwashia moto, na hapana dohani: moshi ulipanda wenyewe ukatokea kwenye tundu la paani. Kama umekulia kwenye jiko la kuni, unajua macho yalivyowasha.

Sasa tuusome ukumbi huu kama ramani. Upande mmoja sakafu imeinuliwa. Hapo bwana alikula na familia na wageni wake, akiwatazama wote. Upande wa pili kuna kiambaza cha mbao, na nyuma yake stoo ya mkate, stoo ya vinywaji na njia ya jikoni. Watumishi walikaa katikati, na katika kumbi za aina hii wengi wao walilala humohumo. Vyuo vya Oxford na Cambridge vilijenga kumbi zao kwa mpangilio huohuo: walimu meza ya juu, wanafunzi chini.

Lakini tusikimbilie kumlaumu bwana wa meza kuu. Angalau alikula nao chumba kimoja, moshi mmoja. Mambo yalibadilika zaidi aliponyanyuka. Pale Penshurst, kwenye upande wa bwana, kuna ngazi za kupanda chumba chake cha faragha. Taratibu matajiri wakazoea kulia vyumbani, penye dohani. Karne ya 14 hiyohiyo mshairi William Langland alishalalamika kwamba wanaukimbia ukumbi ili wasile na maskini. Ukabaila ulikuwa na tabaka, ndiyo, ila huko kutengana kwa kuta kulikuja hatua kwa hatua.

Majina ya wenye nyumba yameandikwa. Pulteney alifariki 1349, wakati wa tauni kuu. Mtawala wa Buckingham alimkaribisha Mfalme Henry VIII hapo 1519. Miaka miwili baadaye mfalme huyohuyo akaamuru akatwe kichwa. Mwaka 1552 Mfalme Edward VI akampa nyumba William Sidney, na ukoo wake uko hapo hadi leo.

Wapishi je? Chini ya paa kuna sanamu za mbao, saizi ya mtu mzima, zenye sura za wakulima na wafanyakazi, zimechongwa kwa kejeli. Zimekaa kama zimebeba boriti. Karibu miaka 700 sasa, bado wako kazini.

Nilifundisha hayo kidato cha tano. Binti mmoja akanyoosha mkono: “Mwalimu, hizo sanamu zina majina?” Sikuwa na jibu. Kengele ikalia, nikaenda ofisi ya walimu, na kama kawaida wanafunzi wawili wakatuletea chai, wakaweka sinia, wakatoka. Wiki mbili nilikuwa nakunywa chai ile, na majina yao siyajui. Niliwafuata nje nikawauliza. Walidhani wamekosea kitu.

Kwa hiyo kwenye mahafali yajayo, ukishapiga picha zako, tazama meza kuu iko upande gani na mlango wa jikoni uko wapi. Halafu muulize aliyekuletea sahani anaitwa nani.