Kufungia Seva Si Udikteta

Swali limenifikia tena, safari hii kwa herufi kubwa tupu: kama Mastodon, mtandao wa kijamii wa seva nyingi zisizo na mwenyewe mmoja, ni huru, mbona wasimamizi wake wanafungia seva za wenzao? Anayeuliza huwa ameshajijibu. Anachotaka ni nikubali kwamba huo uhuru ni danganya toto. Sikubali, kwa sababu swali lenyewe limesimama juu ya dhana potofu ya jinsi mitambo hii inavyofanya kazi.

Wengi hudhani seva hizi ni madirisha ya ukumbi mmoja, na kwamba anayefunga dirisha lake anawanyima wengine nafasi ya kusema. Hakuna ukumbi. Ukimfuata mtu wa seva nyingine, seva yake huitumia seva yako kila anachochapisha, na ya kwako huhifadhi nakala, mara nyingi pamoja na picha. Nakala hiyo inakaa kwenye diski anayoilipia msimamizi wako, na siku polisi wakibisha hodi, watabisha kwake. Julai 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa ripoti: walikuwa wamechunguza machapisho kama 325,000 ya seva hizi kwa siku mbili, wakakuta mara 112 picha ambazo tayari zilijulikana kuwa za unyanyasaji wa watoto kingono. Sasa nielezeni: msimamizi akikataa kuweka nakala ya uchafu wa namna hiyo nyumbani kwake, amemziba nani mdomo?

Wapo watakaosema huo ni mfano wa kupindukia. Basi tuchukue Gab, mtandao wa Marekani uliojaa watu wa siasa kali za kibaguzi. Mwaka 2019 ulihamia kwenye programu ya Mastodon. Eugen Rochko, Mjerumani aliyeianzisha mwaka 2016, hakupendezwa hata kidogo, lakini hakuwa na la kufanya: leseni ya programu hiyo inamruhusu yeyote kuitumia, mradi aweke wazi msimbo wake. Wasimamizi wengi, kila mmoja kwa uamuzi wake, wakaifungia. Je, Gab ilinyamazishwa? Haikunyamazishwa. Iliendelea na seva yake, watumiaji wake na maneno yake yaleyale. Ilichokosa ni kupelekewa maneno hayo bure na watu wasioyataka. Leseni ilimpa kila mtu ruhusa ya kusema. Hakuna leseni inayomlazimisha jirani asikilize. Na barua pepe, ambayo nayo ni ya seva nyingi zisizo na mwenyewe mmoja, hukataa barua za seva zenye sifa mbaya kila sekunde. Sijapata kuona mtu akiandamana kwa hilo.

Hata hivyo kufungia kuna gharama, na hapa ndipo swali la maana lilipo, ingawa haliulizwi. Juni 2023, watu walipoukimbia kwa wingi mtandao wa mijadala wa Reddit, jumuiya ya Beehaw, iliyotumia Lemmy, programu nyingine ya seva nyingi kama Mastodon, ilijitenga na seva ya lemmy.world, iliyokuwa imeacha usajili wazi. Wakorofi waliotoka huko walikuwa wachache, lakini maelfu ya watu wasio na kosa walikatwa pamoja nao. Wasimamizi wa Beehaw walisema wazi kwamba wao wenyewe walikuwa wachache na programu haikuwapa zana ya kati: ni kupokea vyote au kukata vyote. Kosa la zana hilo, na ndilo la kulipigia kelele.

Dawa ya mkato inayonadiwa sana kwa wasimamizi ni orodha ndefu za seva mbaya, unazipakia mara moja na kulala. Msiniulize ipi ni nzuri. Ukipakia orodha ambayo hujui nani aliiandika na kwa sababu gani, umerithi ugomvi wa watu usiowajua.

Kwa anayetaka kuendesha seva: anza na kuwekea mipaka, ili machapisho ya seva husika yaonekane kwa wanaowafuata watumiaji wake tu. Zuia picha zake ikibidi. Kukata kabisa kuwe hatua ya mwisho, kwa sababu huvunja uhusiano wote wa wafuasi, na sababu yake iandikwe hadharani. Usajili uwe wa kuidhinishwa. Wimbi la jumbe taka la Februari 2024 lilipitia seva ndogo zilizotelekezwa zikiwa na usajili wazi. Tafuta mtu wa pili wa kushika zamu. Aliye Tanzania asome kwanza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni.

Na wewe uliyechukia uamuzi wa msimamizi wako, hama. Mastodon inakuruhusu kwenda na wafuasi wako kwenye seva nyingine. Machapisho yako ya zamani hayatakufuata. Ni usumbufu, lakini hakuna anayekuzuia.